Marashi Katika Mji wa Joto: Namna ya Kunukia Bujumbura

Marashi mengi yanayouzwa Bujumbura yalitengenezwa kwa kuwafikiria watu wa nchi za baridi, au watu wanaotoka kwenye nyumba yenye kiyoyozi na kuingia kwenye gari lenye kiyoyozi. Wewe maisha yako ni mengine. Unatoka Kanyosha au Kamenge asubuhi, unasimama kwenye foleni ya basi, unaketi bega kwa bega na jirani usiyemjua, kisha unamalizia safari kwa miguu chini ya jua ambalo ikifika saa nne limeshachoma. Machi 2022 pikipiki za abiria, bajaji na baiskeli zilizuiwa kuingia katikati ya mji. Kisha ukaja uhaba wa mafuta ya gari, na foleni za basi zikarefuka. Watu wa Buja wakajifunza kutembea. Marashi uliyojipulizia nyumbani saa kumi na mbili yanafika kazini yakiwa kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo shauri langu, na ndilo nitakalolifafanua hadi mwisho, ni hili: hapa kwetu, marashi yaliyovaliwa vizuri ni yale yanayomfikia mtu anayekupa mkono, yakaishia hapo. Na njia bora ya kuyapata ni ile ambayo mama wa Kiswahili wa Buyenzi wameishika muda mrefu, yaani nguo iliyofukizwa na tone la mafuta mwilini. Chupa ya kupuliza ina nafasi yake, lakini ni nafasi ndogo kuliko tunavyodhani.

Mwili kwanza

Jasho likitoka tu halina harufu kubwa. Harufu inakuja pale bakteria wanaoishi juu ya ngozi wanapolila, hasa jasho zito la kwapani. Ndiyo maana kumwagia marashi kwapa lisilooshwa hakusaidii: yanapanda juu ya harufu ya chini, zinachanganyika, na mtu wa pembeni anazipata zote mbili. Oga, kisha jikaushe. Kujikausha ndiko wengi wanakokuruka kwa haraka ya asubuhi, na ngozi iliyobaki na unyevu kwapani na kati ya vidole vya miguu ndiyo bakteria wanayoipenda. Siku maji yamekatika na una beseni moja tu, anzia kwapani, kinenani na miguuni. Mikono na mgongo vinaweza kusubiri jioni.

Baada ya hapo tumia deodoranti, au shabu. Shabu ni rahisi na inafanya kazi vizuri: kilowanishe kipande chake, pitisha kwapani mara chache, acha ikauke. Haina harufu yake yenyewe, kwa hiyo haigombani na marashi yako. Deodoranti yenye harufu kali ya maua chini ya marashi ya udi ni vurugu, na ukiongeza losheni ya nazi na mafuta ya nywele yenye harufu ya tufaha, hakuna pua itakayojua unanukia nini. Amua kitu kimoja kinukie, vingine vyote viwe kimya.

Kuhusu limau. Najua wengi wanasugua limau kwapani, na ni kweli linapunguza harufu. Lakini maji ya limau na ndimu yana kemikali ambayo ikipigwa na jua juu ya ngozi huiunguza, ngozi ikatoa malengelenge au ikaacha mabaka meusi ya miezi. Ukilitumia, litumie usiku na uoge kabla ya kutoka. Mafuta ya ganda la bergamoti, ambayo yako kwenye marashi mengi yenye harufu ya limau na chungwa, yana tabia hiyo hiyo. Viwanda vikubwa siku hizi huondoa au hupunguza kemikali hiyo, lakini chupa isiyojulikana ilikotoka huna uhakika nayo. Usipake marashi mahali jua litakapokupiga moja kwa moja.

Na wale ambao ngozi yao imechubuliwa na mkorogo wajihadhari zaidi. Ngozi hiyo imekuwa nyembamba, spiriti ya marashi inaiunguza, na alama haitoki upesi. Wao wavae harufu kwenye nguo peke yake.

Tukitaja nguo, kitambaa nacho kina neno lake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walilinganisha fulana za watu waliofanya mazoezi, wakaona kwamba zile za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba, kwa sababu bakteria fulani wanastawi kwenye poliesta. Shati la mtumba linalong'aa bila kupigwa pasi linaweza kuwa ndilo tatizo lako, wewe ukilaumu deodoranti. Kitenge cha pamba, shati la pamba, kanzu ya pamba: hivi vinavumilia joto letu. Kama kazi inakulazimisha kuvaa sare ya poliesta, iloweke nusu saa kwenye maji yenye siki nyeupe kabla ya kuifua, kisha uianike juani.

Kilichomo ndani ya chupa

Chupa ya kawaida ya marashi ina spiriti, maji kidogo, na mafuta ya harufu. Tofauti ya bei kwa sehemu inatokana na kiasi na ubora wa hayo mafuta. Ikiandikwa eau de cologne, mafuta ni kama asilimia 2 hadi 5. Eau de toilette ni kama 5 hadi 15. Eau de parfum ni 15 hadi 20 au zaidi kidogo. Wengi wetu tunasoma Kifaransa, lakini maneno haya tunayapita bila kuyatazama, na ndiyo yanayokuambia ujipulizie mara ngapi.

Spiriti huruka haraka, na joto huizidishia kasi. Harufu nazo haziruki kwa pamoja. Za limau, chungwa na majani mabichi hutangulia, zikaisha ndani ya robo saa au nusu saa. Waridi, asumini, mlangilangi na karafuu hukaa saa kadhaa. Sandali, udi, vanila na miski ndizo za mwisho, na zinaweza kulala kwenye shati hadi kesho yake. Sasa fikiria mtu anayetembea kutoka Nyakabiga hadi katikati ya mji saa mbili unusu. Mwili umepata moto, harufu nyepesi zimekwisha njiani, na zile nzito zinafuka zote kwa mpigo. Anaingia ofisini akiwa amebeba vanila iliyoiva kwa jua.

Ndiyo maana napendekeza mchana uvae harufu nyepesi na ukubali kwamba haitadumu. Limau, chai ya kijani, mrihani, waridi jepesi, maua ya mchungwa: hizi zikichanganyika na joto zinabaki safi. Harufu tamu za karameli na vanila, na udi mzito wa Kiarabu, zisubiri jioni, joto linapopungua na watu wamekaa nje. Ufukweni Saga Plage saa moja jioni, mezani kuna michopo ya mbuzi na mukeke wa kuchoma, harufu nyepesi itamezwa na moshi. Pale udi una kazi ya kufanya.

Hali ya hewa inabadilisha mambo hata ndani ya nchi hii ndogo. Bujumbura iko kandokando ya ziwa, chini kwenye bonde. Gitega, makao makuu ya kisiasa tangu 2019, iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi kuna baridi. Anayepanda huko kikazi ataona marashi yale yale yaliyokuwa mazito Buja yametulia, na yale mepesi hayasikiki kabisa. Kiangazi cha Juni hadi Agosti nacho kina lake: ngozi inakauka, na ngozi kavu haishiki harufu. Jipake kwanza losheni isiyonukia, glisirini au vaselini kidogo mahali utakapotia marashi. Jambo hilo dogo linaongeza muda kuliko kujipulizia mara tatu zaidi.

Tone la mafuta

Manukato ya mafuta, yale ya chupa ndogo za mililita 3 au 6 zenye kigololi mdomoni, hayana spiriti. Kwa hiyo hayalipuki yanapogusa ngozi yenye moto. Yanapanda polepole, na yanakaa karibu na mwili. Waislamu wengi wanayapenda pia kwa sababu hawataki kileo kwenye nguo wanayoswalia. Mengi yanatoka Saudia na Falme za Kiarabu, na kampuni kama Al-Rehab, Ajmal na Rasasi majina yao yanafahamika kwa wafanyabiashara wanaokwenda Dubai. Mtu asikuambie kwamba marashi ya Waarabu ni ya daraja la pili: Amouage ya Oman, iliyoanzishwa mwaka 1983, inauza chupa ambazo bei yake inazishinda nyingi za Paris.

Kutumia ni hivi. Gusa kigololi mara moja nyuma ya kila sikio, mara moja kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko, basi. Ukitaka harufu ipande taratibu mchana kutwa, gusa kifuani chini ya shati badala ya shingoni. Hakuna haja ya kusugua viganja, maana unayahamisha tu mafuta uliyoyalipia. Na usipake mafuta halisi ya karafuu yasiyochanganywa na mafuta mengine, hata kama yametoka Pemba kwenyewe. Ni makali, yanawasha na kuunguza.

Ukiwa na chupa ya kupuliza, mchana ni mara moja au mbili, kifuani kabla ya kuvaa shati, au nyuma ya shingo chini ya ukosi. Kila mpulizo ni kama sehemu moja ya kumi ya mililita. Chupa ya mililita 50 ina mipulizo kama 500, na kwa mipulizo miwili kila siku itakupeleka miezi minane. Ikiwa yako inaisha kwa miezi miwili, basi majirani wamekuwa wakiisaidia kuimaliza.

Anayetembea mwendo mrefu afanye jambo moja zaidi: asijitie marashi nyumbani kabisa. Abebe kichupa cha mafuta mfukoni na kitambaa kidogo. Akifika, aingie msalani, ajifute jasho usoni, shingoni na kwapani, apumzike dakika tano mwili upoe, ndipo aguse tone. Atanukia saa nne kama alivyotaka kunukia saa kumi na mbili.

Kufukiza nguo

Nguo haitoi jasho na haina moto wa damu, kwa hiyo harufu iliyomo ndani yake inatoka kwa kipimo kimoja asubuhi hadi jioni. Hilo peke yake latosha kunifanya niamini kufukiza kuliko kupuliza, katika mji kama huu.

Vifaa ni vichache. Chetezo, au bakuli la udongo lenye mchanga chini. Mkaa. Ubani au udi. Ubani ni utomvu unaotoka Somalia na Dhofar ya Oman, bei yake si kubwa, na harufu yake ni safi, yenye ukali kidogo wa limau. Udi wa kweli ni mti wa Asia ya Kusini-Mashariki ambao ndani yake umeingiwa na kuvu ukatoa utomvu mweusi. Ni ghali sana, na vipande vya bei ya chini unavyoviona dukani aghalabu ni mbao zilizolowekwa kwenye manukato. Si kosa kuvinunua, mradi ujue unanunua nini. Kuna pia udi unaopikwa kwa sukari na manukato, mtindo wa Zanzibar, ambao harufu yake ni tamu na unafaa zaidi chumba na nguo za sherehe.

Nguo iwe safi, iliyokauka, iliyopigwa pasi. Washa mkaa uani kwenye jiko la imbabura, uuache mpaka uwe mwekundu wote. Mkaa usioiva una moshi wake mwenyewe, na moshi huo ukishaingia kwenye kitambaa hakuna ubani utakaoutoa. Chukua kaa moja au mawili kwa koleo, yaweke kwenye chetezo, kisha usubiri. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Kaa likiwa bado jekundu, ubani unaungua papo hapo, moshi unatoka mweusi na harufu ya kitu kilichounguzwa. Subiri hadi kaa livae majivu meupe juu, hapo dondosha punje mbili au tatu. Utaziona zikilainika, zikichemka pembeni kwa povu dogo, na moshi ukipanda mweupe na mwembamba. Huo ndio moshi unaoutaka.

Acha wingu la kwanza lipite. Pindua tenga la fito juu ya chetezo, litandaze shati au kitenge juu yake, upande wa ndani ukielekea chini. Dakika tatu, geuza, dakika tatu nyingine. Kaa hapo hapo mpaka umalize, maana kitambaa na kaa la moto haviachwi peke yao, na naironi huyeyuka hata kwa joto la mbali. Ukitoa nguo, ikunje uitie kabatini ufunge. Ukiivaa papo hapo itanuka moshi. Ikilala usiku mmoja, moshi unatulia na harufu inabaki. Kwa hiyo fukiza Alhamisi kwa ajili ya Ijumaa, Jumamosi kwa ajili ya kanisa.

Usalama usiuchukulie wepesi. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi na inaua watu usingizini. Fanya uani, au fungua madirisha na milango, na chetezo kikishamaliza kazi kitoke nje. Chupa ya marashi ya spiriti isikaribie kaa. Kama nyumbani kuna mtoto au mzee mwenye pumu, fukiza yeye akiwa mbali, au uache.

Anayeishi kwenye ghorofa Rohero bila uani ana njia nyingine. Tone la mafuta kwenye pamba, pamba ndani ya kijaluba kilichotobolewa, kijaluba katikati ya nguo. Mche wa sabuni nzuri ndani ya sanduku, kama bibi zetu walivyofanya. Chupa tupu ya marashi iliyofunguliwa kifuniko, ndani ya droo ya leso na vilemba. Harufu inakuwa ndogo, na ndogo ndiyo tunayoitafuta.

Kwa nguo za harusi, zile imvutano za kitambaa chepesi chenye kung'aa, usipulize marashi juu yake na usipake mafuta yakagusa. Doa lake halitoki. Jitie harufu mwilini kwanza, subiri ikauke, ndipo uvae.

Watu walio karibu nawe

Pua huzoea. Ukikaa na harufu moja kwa dakika kadhaa, ubongo unaiacha, nawe unadhani imekwisha wakati abiria mwenzako anafungua dirisha. Kwa hiyo usijipime kwa pua yako mwenyewe. Muulize mtu mnayeishi naye nyumba moja, na umuulize akiwa umbali wa mkono mmoja: unanisikia? Akisema anakusikia kabla hujamfikia, punguza nusu.

Kwenye basi, kumbuka kwamba jirani hana pa kwenda. Wajawazito wa miezi ya mwanzo wanatapishwa na harufu ambazo wengine wanazipenda, na mwenye pumu anaweza kubanwa kifua. Kwa kazi za ofisini kipimo cha kupeana mkono kinatosha. Muuguzi, mpishi na mwalimu wa watoto wadogo waende bila marashi, na usafi wao utawatosha. Hivyo hivyo ukienda kumtazama mgonjwa hospitali ya Prince Régent Charles au ya Kamenge: wodi ina vitanda vingi na hewa ni moja.

Mtoto mchanga anamjua mama yake kwa harufu ya ngozi na maziwa. Mama anayenyonyesha asitie marashi kifuani, na watu wanaokuja kumpongeza na kumbeba mtoto waje bila marashi mazito shingoni. Mtoto mwenyewe hahitaji kunukishwa chochote.

Msikitini, sunna ya Ijumaa ni kuoga, kupiga mswaki na kujitia manukato, na mafundisho hayo hayo yanamkataza aliyekula vitunguu saumu vibichi asije kuwaudhi wenzake safuni. Yaani kumjali jirani ndiyo nia ya jambo zima. Unasimama bega kwa bega, unasujudu kwenye mkeka ambao mwingine ataweka paji lake hapo hapo. Tone moja kwenye ndevu au nyuma ya sikio linatosha. Mama wengi wa Kiislamu huweka udi na manukato kwa ajili ya nyumbani na mabarazani mwa wanawake, na wakitoka hutoka na usafi tu. Mchana wa Ramadhani wengi huacha kujifukiza, kwa kuchelea kuvuta moshi kooni. Aliyehirimia hija hajitii manukato, na mjane aliye kwenye eda hukaa miezi minne na siku kumi bila manukato.

Kanisani wafikirieni wanakwaya. Wanasimama wamebanana, wamevaa joho juu ya nguo, na wanavuta pumzi kwa kifua kizima. Kwaya nzima ikubaliane kutotia marashi siku ya kuimba, sauti zitawashukuru.

Kwenye kilio, nguo safi na sabuni ya kawaida. Harufu ya sherehe kwenye nyumba ya msiba inaonekana kama mtu aliyekuja kwa jambo lingine.

Kununua na kutunza

Usinunue marashi kwa kunusa kifuniko. Jaribu kwenye ngozi yako, upande mmoja wa mkono, na usijaribu zaidi ya tatu kwa siku moja kwa sababu pua inachoka. Kisha toka dukani. Dukani kuna kivuli na feni. Nje ndiko utakakoyavaa. Zunguka, fanya shughuli zako, urudi baada ya saa moja au mbili ukiwa umetoka jasho. Kama bado unayapenda, nunua. Muuzaji anayekukataza kwenda kuzunguka, mwache.

Bandia ni nyingi. Tazama maandishi ya boksi kama yana makosa ya tahajia au wino uliochafuka. Tafuta namba ndogo ya toleo chini ya boksi, uilinganishe na ile iliyo chini ya chupa, zisipofanana, rudisha. Bei ikiwa ndogo mno kwa jina kubwa mno, jina hilo si lake. Kwa maoni yangu ni bora kununua mafuta ya mililita 6 ya kampuni isiyo na jina kubwa lakini inayojulikana kuliko nakala ya jina la Paris. Angalau unajua nani ameyatengeneza.

Anayenunua mafuta ya kupimiwa aende na chupa yake ya kioo, safi na kavu. Plastiki hunyonya harufu na hutoa yake.

Joto na mwanga ndivyo vinavyoua marashi. Nyumba za mabati za Kinama na Buterere zinapata moto mkali mchana, na chupa iliyopangwa dirishani ili ionekane itabadilika rangi na kuanza kunuka kama siki au mafuta yaliyochacha. Iache ndani ya boksi lake, boksi liwe chini kabisa ya kabati, mbali na bati na mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Isiachwe ndani ya gari hata siku moja. Ikitunzwa hivyo, chupa hukaa miaka kadhaa.

Na siku utakapogundua, ukiwa tayari uko njiani, kwamba umejitia harufu kupita kiasi, usijaribu kuifunika kwa harufu nyingine. Kama ni ya mafuta, paka kidogo vaselini au losheni isiyonukia mahali pale, sugua, ifute kwa kitambaa kikavu, kisha osha kwa sabuni na maji. Kama ni ya kupuliza, pamba yenye spiriti ya dukani ikipitishwa mara moja huondoa nyingi, kisha osha. Kama imeingia kwenye shati, livue ukifika, lianike mahali penye upepo kwa nusu saa, na ukae na fulana ya ndani mpaka litulie.